Kitako cha bunduki ya kuwindia ya risasi moja: ndani kwanza, nje baadaye

Ukiifungua bunduki ya kuwindia ya risasi moja, ile ya mtindo wa zamani, utakuta mezani vitu vichache mno: mtutu, mtambo mfupi wenye wenzo chini yake, na vipande viwili vya mbao. Hakuna chumba cha kupangia risasi wala komeo refu la kuvuta nyuma. Mbao ndiyo inayoonekana kuliko kitu kingine chochote, na kosa la fundi linabaki wazi machoni pa kila anayeishika. Nimechonga vitako kwa miaka mingi, na jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni moja: ndani kwanza, nje baadaye. Karibu kila kitako kilichoharibika nilichowahi kuletewa kiliharibika kwa sababu mchongaji alikimbilia umbo kabla mbao haijakaa sawasawa na chuma.

Mitambo ya aina hii ina ukoo wa kujivunia. John Farquharson wa Uskoti alipata hataza ya mtambo wake mwaka 1872, na George Gibbs wa Bristol akautengenezea bunduki ambazo hadi leo watu huzitazama kama kipimo cha uzuri. Huko Marekani, John Moses Browning alipata hataza ya mtambo wake mwaka 1879, na kampuni ya Winchester ikauuza kama Model 1885. Bunduki ya Ruger No. 1, iliyotoka miaka ya 1960, ilifuata sura ya Farquharson kwa makusudi. Katika mitambo hii yote kazi ni ileile: unasukuma wenzo chini, kipande kizito cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu kinateremka, unaingiza risasi kwa mkono, kisha unarudisha wenzo na chuma kinapanda kuziba. Kwa kuwa mtambo ni mfupi, bunduki nzima huwa fupi kwa takriban sentimita 10 kuliko ya komeo yenye mtutu wa urefu uleule.

Kazi ya chuma si yetu

Mtutu, chemba (tundu la nyuma ya mtutu linalopokea risasi), nafasi ya risasi ndani ya chemba, kifyatuo: hivyo vyote ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni. Mlipuko hutokea sentimita chache tu mbele ya uso wako, na kipimo kilichokosewa kidogo kinatosha kuua. Nunua mtambo na mtutu kwa njia halali, na hakikisha umiliki na kazi yenyewe vinaruhusiwa na sheria za mahali ulipo. Mwachie fundi avifunge na kuvipima, na kama nchi yenu ina mfumo wa kisheria wa kujaribu uimara wa bunduki kama ule wa London na Birmingham, bunduki ipitie huko. Mwongozo huu unaanza pale anapokukabidhi chuma kilichokwisha kupita.

Chuma kikifika mezani, fungua mtambo, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe ni tupu. Fanya hivyo kila siku unapoanza kazi, hata kama ni wewe mwenyewe uliyeifunga jana. Risasi zisiwepo kabisa katika chumba unachofanyia kazi.

Kuchagua ubao

Mbao ya jadi ni walnati. Ile ya Ulaya na Asia, Juglans regia, ni nyepesi kiasi, ngumu, na nyuzi zake zimebanana, kwa hiyo hushika pembe kali na nakshi ndogo bila kumomonyoka. Walnati nyeusi ya Marekani, Juglans nigra, ina matundu makubwa zaidi na rangi ya kahawia iliyokolea. Ni mbao nzuri, na kwa kitako cha kwanza ningekushauri hiyo, kwa kuwa kuipoteza hakuumi sana.

Kwa kitako cha nyuma tafuta kipande chenye urefu wa takriban sentimita 50, upana wa 18 na unene wa 6.5. Kwa mbao ya mbele, sentimita 35 kwa 6 kwa 6. Ikiwezekana vyote vitoke kwenye ubao mmoja, maana rangi mbili za walnati zikikaa jirani kwenye bunduki moja hazipatani hata upake nini.

Wengi huchagua kwa macho, wakivutwa na mawimbi na michirizi. Mimi hutazama shingo kwanza. Shingo ni pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatuo, ndipo pembamba kuliko pote na ndipo teke la bunduki, yaani msukumo wa nyuma inapofyatuka, hupita. Chora umbo la kitako juu ya ubao kwa chaki, halafu fuata nyuzi kwa kidole: zipite shingoni zikiwa zimenyooka na kwenda sambamba na mstari wa shingo yenyewe. Zikikatiza kwa mshazari, kitako kitavunjika hapo siku moja, pengine siku bunduki itakapoanguka tu kutoka kwenye mti ulikoiegemeza. Mapambo ya mbao yakae nyuma, upande wa bega. Nimewahi kuurudisha ubao mzuri kuliko wote niliopata kuuona kwa sababu ya nyuzi za shingo, na sijajuta.

Ubao uwe mkavu. Kanuni ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukauka kivulini kwa kila inchi ya unene, na hata ukiuziwa kama mkavu, usiamini. Paka nta kwenye ncha zote mbili ili usipasuke, uuweke ndani ya chumba unachofanyia kazi, uupime kwa mizani kila mwezi na kuandika uzito kwenye ubao wenyewe kwa penseli. Uzito ukikaa bila kubadilika miezi miwili au mitatu mfululizo, umetulia. Ubao unaoendelea kupoteza maji utajikunja baada ya wewe kumaliza, na kazi ya wiki nyingi itaachana na chuma kwa unene wa karatasi tatu.

Vipimo vya mwili

Bunduki ya risasi moja hutengenezwa kwa mtu mmoja. Kabla ya kugusa msumeno, pima mwenye bunduki akiwa amevaa nguo anazowindia, si shati jepesi la nyumbani.

Kipimo cha kwanza ni umbali kutoka kifyatuo hadi katikati ya sehemu inayokaa begani. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 34 na 36. Cha pili ni kiasi ambacho mgongo wa kitako, pale shavu linapolala, unashuka chini ya mstari wa mtutu. Kwa shabaha za chuma, yaani vile vya kulengea vilivyo juu ya mtutu, mgongo hushuka zaidi. Kwa darubini lazima upande, la sivyo mwindaji atalazimika kuinua kichwa hewani na teke litampiga shavuni. Amua hapa ni kipi kati ya hivyo viwili, maana kitako kimoja hakitumikii vyote vizuri. Cha tatu ni kupinda pembeni: kwa mtu wa mkono wa kulia, kitako kikienda kulia milimita 3 hadi 6, jicho huja lenyewe nyuma ya shabaha.

Tengeneza kwanza kitako cha mfano kwa mbao ya bei rahisi, kisiwe na urembo wowote. Mwambie mtu afumbe macho, aipandishe bunduki tupu begani, kisha afumbue. Kama analazimika kusogeza shingo ili aone shabaha, vipimo si vyake. Ondoa au ongeza, mjaribu tena. Kazi hii huchukua alasiri moja na huokoa ubao wa thamani.

Kutoboa wakati ubao bado ni mraba

Angalia jinsi mtambo wako unavyoshikana na kitako. Ruger No. 1 hutumia parafujo moja ndefu inayopita katikati ya kitako kutoka nyuma hadi kwenye mtambo. Model 1885 ina ndimi mbili za chuma, ya juu na ya chini, zinazoingia ndani ya shingo na kufungwa kwa skrubu.

Kama ni parafujo ndefu, toboa tundu lake kabla hujaondoa hata kipande kimoja cha mbao cha nje. Pande za ubao zikiwa bado zimenyooka na za mraba, una mahali pa kupimia na pa kubana kwenye jiliwa. Ukishachonga, kila upande ni mviringo na huna tena cha kukuongoza. Toboa kuanzia upande wa mtambo, katikati kabisa, polepole, ukitoa keekee mara kwa mara kuondoa vumbi.

Kukalisha chuma ndani ya mbao

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo sitaki uharakishe.

Utahitaji patasi tatu au nne za upana tofauti, zenye makali ya kunyoa nywele za mkono, vikwaruzo vidogo vya chuma, nyundo ya mbao, na masizi. Masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ndiyo rangi ya zamani ya kazi hii na bado sijaona inayoishinda. Yapake kwenye chuma kwa brashi ndogo, membamba sana, yaache rangi ya kijivu tu. Yakiwa mazito yatachafua kila mahali na kukudanganya.

Chora mpaka wa ndimi na mabega ya mtambo (nyuso zake pana za nyuma zinazoegemea mbao) kwa penseli kali au ncha ya kisu. Kata ndani ya mstari, si juu yake, ukiacha karibu nusu milimita. Ondoa mbao nyingi ya katikati kwa patasi hadi chuma kianze kuingia kidogo. Kuanzia hapo patasi kubwa inalala na masizi yanaongoza. Paka, ingiza chuma kikiwa kimenyooka, gonga mara moja kwa nyundo ya mbao, kitoe. Mbao itakuonyesha madoa meusi pale inapogusa. Kwangua madoa hayo tu. Paka tena, gonga tena, kwangua tena. Kwa mtambo wenye ndimi mbili nimehesabu zaidi ya mara mia moja kabla chuma hakijafika chini.

Mwanzoni madoa yatakuwa matatu au manne, makubwa. Kadiri unavyoendelea yataongezeka na kupungua ukubwa. Siku utakapoona uso mzima wa mabega umejaa vidoa vidogo vilivyosambaa sawasawa, umefika. Usitafute weusi kamili kila mahali, tafuta usawa.

Chuma kitoke jinsi kilivyoingia, moja kwa moja. Ukikitikisa kushoto na kulia ili kitoke, kingo za mbao zitabanduka, na ukingo uliobanduka haurudi. Kwa hiyo pande za shimo ziwe zimelegea kidogo mno kuelekea juu, kiasi cha kutoonekana kwa jicho.

Sasa jambo ambalo lilinigharimu kitako kizima. Bunduki inapofyatuka, mtambo mzima husukumwa nyuma kuingia kwenye mbao. Nguvu hiyo ipokelewe na mabega mapana ya mtambo pekee. Ncha ya nyuma ya ulimi isiguse mbao hata kidogo. Acha mwanya wa karibu nusu milimita. Kitako changu cha pili kilikaa kizuri mno, ulimi umebana pande zote kama jino kwenye ufizi, na nilifurahi nao sana. Risasi ya kumi na moja ikapasua shingo kutoka kwenye ncha ya ulimi kwenda nyuma. Ulimi ule mwembamba ulikuwa umegeuka kabari, na nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe kwa uangalifu wote.

Ukimaliza, paka ndani ya shimo lote mafuta au vanishi nyepesi. Mbao ya ndani isiyozibwa hunywa unyevu na mafuta ya bunduki, na baada ya miaka hugeuka nyeusi na laini. Wengine hujaza nyuma ya mabega kwa gundi ya epoksi ili yakae imara. Kwa bunduki yenye teke kali ni busara, mradi chuma kimepakwa nta kwanza kisinate.

Mbao ya mbele

Ni ndogo, lakini ina ubishi. Bunduki nyingi za risasi moja zinazotawanya risasi hovyo zina ugonjwa hapa. Mbao ikiusukuma mtutu upande mmoja, mtutu ukipata joto baada ya risasi mbili tatu msukumo hubadilika, na risasi huhama.

Mimi huiacha mbao ishikwe kwa nguvu pale tu inapofungwa kwa skrubu yake na isiguse mtutu kwingine. Jaribu kwa ukanda wa karatasi: uupitishe kati ya mbao na mtutu, uuvute kutoka mbele hadi nyuma. Ukikwama, paka masizi na ukwangue hapo. Mwanya uwe sawa kushoto na kulia, maana jicho huuona haraka kuliko unavyodhani.

Kwa ncha, mtindo wa zamani ni kipande cheusi cha pembe ya nyati au cha mbao nyeusi. Mpingo unafaa kuliko mbao zote ninazozijua: mzito, hauna matundu, na hung'aa kwa kusuguliwa tu. Jua kwamba jamii yote ya Dalbergia, na mpingo ukiwemo, iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo uununue wenye karatasi zake, hasa ukivuka mpaka. Mbao yake ina mafuta. Ifute kwa spiriti kabla ya kuigandisha, la sivyo gundi haishiki.

Pete ya mkanda wa kubebea kwenye bunduki za Kiingereza huwekwa kwenye mtutu wenyewe, mbele ya mbao, ili teke lisiigongeshe kwenye mkono wa mbele. Kama unaipenda sura hiyo, mwachie fundi bunduki aiunge.

Umbo la nje

Sasa ndiyo unapata ruhusa ya kuchonga. Kata kwa msumeno nje ya mstari, shuka kwa randa na tupa ya mbao, chuma kikiwa kimefungwa mahali pake. Acha mbao ikiwa juu ya chuma kwa milimita moja hadi mwisho kabisa, kisha ishushe karibu kulingana nacho, bila kuzidi. Mbao iliyo chini ya chuma haina dawa.

Mstari wa chini, kutoka shingo hadi ncha ya chini ya kitako, uwe umenyooka kama uzi uliovutwa. Tumbo kidogo tu hapo na bunduki nzima itaonekana nzito. Shingo iwe ya yai, si duara, ili mkono ujue wenyewe bunduki imeelekea wapi gizani. Shika shingo mara nyingi ukiwa umefumba macho. Vidole vitakuonyesha uvimbe ambao jicho limeupita.

Msasa na mafuta

Anza na msasa wa namba 120, uende 220, 320, hadi 400, siku zote kwenda na nyuzi, na siku zote ukiwa umefungwa kwenye kipande cha mbao au mpira mgumu. Vidole vitupu huchimba mabonde. Baada ya 320, futa mbao kwa kitambaa chenye unyevu na uikaushe kwa joto, vinyweleo vitasimama. Vikate kwa msasa, rudia mara tatu hadi visisimame tena. Usipofanya hivyo, mvua ya kwanza porini itafanya kazi hiyo kwa ajili yako, juu ya mafuta yako.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa ndiyo ya jadi. Mpako wa kwanza uuzimue kwa tapentaini ili uzame. Baadaye paka mafuta kidogo na kusugua kwa msasa wa 400 uliolowa mafuta hayohayo. Vumbi na mafuta hugeuka tope linaloziba matundu ya mbao. Acha likauke, lifute kukatiza nyuzi. Kisha matone machache tu kwa siku, ukisugua kwa kiganja hadi uhisi joto. Mipako kumi ni mwanzo; mimi huenda ishirini. Mpako ukinata baada ya saa 24, umeweka mengi: ufute na uanze upya.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani huwaka vyenyewe vikirundikwa, kwa kuwa mafuta hutoa joto yanapokauka. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke au vizamishe kwenye maji. Usivitupe kwenye ndoo ya maranda.

Nakshi ya kushikia

Mistari inayokatizana shingoni na kwenye mbao ya mbele ipo ili mkono wenye jasho usiteleze. Kwa walnati ya nyuzi zilizobanana, mistari 22 hadi 24 kwa inchi. Kwa walnati nyeusi baki kwenye 18 au 20, maana vialmasi vidogo, yaani vijipembe vinavyobaki kati ya mistari, vitamomonyoka. Kila kialmasi kiwe na urefu wa mara tatu hadi tatu na nusu ya upana wake.

Chora mpaka, kata mistari miwili ya kwanza inayokatizana kwa uangalifu wote ulio nao, kwa kuwa mingine yote huihesabu kutoka hiyo, halafu ongeza mmoja mmoja. Pita mara ya kwanza kwa kina kidogo juu ya eneo lote. Kina kamili huja mpito wa tatu au wa nne. Fanya mazoezi kwanza kwenye kipande cha walnati kilichopinda kama shingo, si kwenye ubao bapa. Ukiona mistari inaanza kwenda upande, simama siku hiyo. Mwisho paka mafuta mepesi kwa brashi ya meno, ukikausha yaliyobaki ndani ya mifereji.

Baada ya risasi za kwanza

Funga skrubu zote, mpe fundi bunduki aikague mara ya mwisho, kisha uende kwenye uwanja wa shabaha. Piga risasi tano, ifungue, utazame ndani. Mabega yawe na alama za kung'aa pande zote mbili kwa usawa. Upande mmoja ukiwa haujaguswa, rudi kwenye masizi. Tazama kwa lenzi nyuma ya ncha ya ulimi, uone kama mwanya bado upo. Rudia baada ya risasi ishirini, halafu tena baada ya msimu wa mvua. Mbao itakuwa imevimba na kunywea mara kadhaa kufikia hapo, na skrubu zitadai kukazwa robo mzunguko.